Sauti Iliyokuwa Ndani ya Beseni

Kila aliyemjua Mwalimu atakuambia kwanza habari za mgongo wake. Ulikuwa mgongo mpana, ndani ya koti la rangi ya majivu ambalo hakulivua hata jua la Kampala liwe kali namna gani, na juu yake kofia aliyoivua kanisani tu. Mwalimu wa kwaya huwapa watu mgongo, ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Aliongoza harusi na misiba isiyo na idadi, na ukichungulia picha za watu utakuta waimbaji wamefungua vinywa, maharusi wamelowa jasho, na mbele yao koti. Uso haupo. Mimi nilikaa naye ua mmoja hapa Kibuli kwa miaka mingi, nikamtania kwa habari ya koti lile kila nilipopata nafasi, na sikuwahi kujiuliza swali la maana.

Sisi ni Waislamu wa Kibuli wa siku nyingi, watu wa duka. Duka la vitambaa liko mbele, nyumba iko katikati, na nyuma kabisa kuna vyumba vya kupangisha na ghala ambamo marehemu baba alikuwa akiweka majora yake. Mwalimu alipanga chumba kimoja, kisha akaomba ghala kwa mazoezi ya kwaya ya Wakongo wenzake. Ndugu zangu waliguna. Kwaya ya kanisa, chini ya msikiti? Mama akasema watu wanaoimba hawana nafasi ya kusengenya, akampa ufunguo. Tangu hapo nyumba yetu ikazoea kupika chakula cha jioni huku sauti nne zinagombana ukutani.

Alikuwa mtu wa adabu, lakini adabu yake ilikuwa na makali. Adhana ikianza kule juu, aliinua mkono na kwaya ikanyamaza katikati ya neno, hata kama neno lenyewe lilikuwa jina la Bwana wao. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa chini. Kisha akatoa hukumu. "Muadhini wa leo ana mafua," alisema, au, "Huyu leo amelala vizuri, mmesikia alivyopanda?" Mama alikuwa akicheka mpaka anashika ubavu. Kaka yangu mkubwa hakupenda, akamwambia adhana si mashindano. Mwalimu akamwomba radhi kwa moyo mmoja, na Ijumaa iliyofuata akahukumu tena.

Sheria yake iliyojulikana mpaka kwa majirani ilikuwa ya beseni. Mlangoni mwa ghala aliweka beseni kubwa la plastiki, la kufulia, na kila mwimbaji alitia simu yake humo kabla ya kuingia. Likijaa, alilifunika kwa kitenge. Hakuna kurekodi, hakuna picha. Mgeni akija kusikiliza naye alitia. Mchungaji wao mwenyewe alikataa siku moja, akaambiwa kwa upole asikilizie dirishani, na akasikilizia dirishani. Sababu hakutoa, kwa hiyo tulimtungia sisi. Wengine walisema anaogopa nyimbo zake kuibwa. Mimi nilisema ni maringo tu, anataka watu wamfuate mpaka ghalani, na nilimwambia usoni.

"Jirani," akanijibu, "sauti ni chakula cha kuliwa kikiwa moto. Ukikiweka kinachacha."

Nikaona ni jibu zuri. Nililisema redioni wiki ile ile bila kumtaja.

Redio ni kazi yangu ya pili. Kila Jumamosi asubuhi nina kipindi cha Kiswahili kwenye stesheni ndogo. Watu wengi wa mji huu bado wanakiona Kiswahili ni lugha ya askari, ukimsemesha mtu anapekua mfuko kutafuta kitambulisho. Wanaonisikiliza ni Wakongo, Wakenya, madereva wa malori na wazee wetu wa hapa mlimani. Ninapiga nyimbo mpya na kusema nilivyozisikia. Hakuna aliyenikosoa kama Mwalimu. Jumamosi moja aliniwahi dukani mchana ule ule, hata salamu hajamaliza.

"Umesema ule wimbo ni mtamu. Chai njo tamu, jirani. Wimbo uliona nini ndani yake?"

Hilo ndilo alilotufundisha, sisi na kwaya yake. Wimbo mpya aliusikilizisha mara moja tu, macho yamefungwa, kisha kila mmoja aliulizwa alichokiona. Hakutaka kujua kama umeupenda. Mama mmoja wa sauti ya pili aliwahi kusema ameona mtu anafagia ua wa nyumba isiyo yake, na Mwalimu akafurahi kuliko nilivyowahi kumwona, akauacha wimbo uliopangwa wakashika huo. Alisema mara ya kwanza sikio linasema kweli, mara ya pili linaanza kuhurumia. Nilimwiba tena. Sehemu ya kipindi changu inayopendwa inaitwa Sikio la Kwanza, na kila anayeisifu anamsifu yeye bila kujua.

Sasa mtu huyo aliyewafokea wanaume wazima mpaka wakatazama viatu vyao alikuwa na mambo yake ya ajabu. Kwaya aliipanga kwa ukuta wa ndani, ikitazama mlango, na mwimbaji wa mbele aliagizwa kwamba akiingia mtu asiyemjua, aendelee kuimba ila atazame dirisha. Mwalimu aliusoma mlango kwenye macho ya watu wake. Nilidhani ni mbinu za uongozi. Mjini kwenye maduka ya Wakongo hakwenda kamwe, ingawa ni watu wake na wangempunguzia bei. Alinituma mimi, nikamletea samaki wake wakavu na unga wake wa muhogo, akanung'unika kwamba nimeuziwa vumbi. Mteja akizungumza Kiswahili cha Kongo dukani kwangu, Mwalimu alisimama nyuma ya pazia mpaka aondoke. "Ametoka fasi gani yule?" aliuliza. Nikimwambia sijui, hakula vizuri siku hiyo. Kwaya aliihubiria kila siku kwamba woga unaonekana kwanza kwenye pumzi. Yake ilikuwa imetulia muda wote, hilo nalishuhudia.

Kwa wanafunzi alikuwa mkali na alikuwa baba. Furaha ndiye aliyempenda kupita wote. Msichana huyu alilelewa kwenye kwaya ile toka hajui kushika gitaa, na alipokua akawachukua wenzake watatu wakaunda bendi. Haikuwa bendi ya injili, wala ya densi. Walipiga nyimbo zao wenyewe, za polepole, zenye nafasi nyingi katikati, kwenye vibaraza vya Ntinda ambako vijana wenye pesa kidogo hunywa kahawa ya bei kubwa. Walijiita Chumba cha Nyuma. Nilitarajia Mwalimu angekasirika. Badala yake alikuwa anawasikiliza kupitia ukutani wakifanya mazoezi, ananiambia, "Hawa watafika. Wanajua kunyamaza." Lakini kuwaona jukwaani hakwenda, na Furaha aliumia.

Siku aliyoniletea albamu yao ya kwanza aliingia dukani mbio. Alinitumia kwenye simu, akasimama pale mezani anachezea futi yangu ya kupimia.

"Anti, usimwambie Mwalimu. Ni sapraizi yake. Tunaizindua Jumamosi jioni kule Ntinda."

"Inaitwaje?"

"Beseni," akasema, akacheka.

Nilicheka pia. Nilipata nafasi ya kusikiliza mchana ule ule, duka likiwa tupu, macho nimefunga. Nitasema nilichokiona, maana ndivyo nilivyofundishwa. Wimbo wa kwanza gitaa ni kavu, halina hata tone la maji, na niliona mtu anashuka ngazi na ndoo tupu. Wa pili ni foleni ya Ntinda, kinanda kinahema, mtu mmoja ndani ya gari anazungumza na aliye nje, na yule wa nje hajibu. Ngoma walizipandisha mno hapo, zinakanyaga maneno. Wa tatu Furaha anaimba chini kabisa, karibu na kusema, na niliona nyumba iliyohamwa sufuria ikiwa bado jikoni. Nilisisimka. Vijana hawa hawakupaka rangi popote. Katikati kuna wimbo mmoja wa kuazima kutoka kwa vijana wa Nairobi ambao wangeuacha tu. Lakini albamu nzima ina kitu kinachongoja, kila wimbo unaisha kabla hujatosheka, unabaki umekaa vibaya kwenye kiti. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kusema Jumamosi. Nilijivunia kwamba walitoka ghalani kwetu.

Wimbo wa mwisho unaanza kwa mvua juu ya mabati. Halafu sauti ya kitu kigumu kinagongana na kingine, simu inatetemeka karibu sana na sikio, na nguo inasugua. Kisha, mbali kidogo, Mwalimu anasema, "Shikeni sauti zenu. Polepole. Hakuna kugeuka nyuma." Na anaimba peke yake, ubeti mzima, kwa ile sauti ambayo watu wa hapa walikuwa wanasimama barabarani kuisikia. Bendi inaingia chini yake taratibu na kumbeba mpaka mwisho.

Nilifungua macho. Sikuona kitu chochote katika wimbo ule, nilisikia baridi tu.

Nilimpigia Furaha. Akaniambia bila kuficha kwamba siku moja ya mvua aliacha simu yake ikirekodi. Alikuwa amejirekodi njiani akija, akasahau kuizima, akaitia kwenye beseni, likafunikwa kitenge juu. Siku hiyo Mwalimu, sijui mvua ilimkumbusha nini, aliwaimbia wimbo ambao hawajawahi kuusikia, kisha akawaambia wausahau. Furaha aliukuta kwenye simu baadaye. Akaona Mungu mwenyewe ameuweka humo.

"Ni heshima, Anti. Watu wote wamjue. Na wa mwisho huo ndio tuliowaonjesha watu. Uko kwenye magurupu yote ya Wakongo, hapa, Nairobi, mpaka Goma. Watu wanaulilia."

Nilimwita Mwalimu ndani kwetu, mama akiwepo, nikamwekea simu mezani. Alisikiliza mara moja, macho amefunga. Wimbo ulipokwisha alivua kofia, na hakuwa kanisani.

"Naimba vizuri," akasema. "Sikujua."

Baada ya hapo ndipo alipotueleza. Huko kwao, juu ya ziwa, watu wa msituni wenye bunduki walimchukua kutoka kanisani kwake wakampeleka kambini. Mkubwa wao alitaka jeshi linaloimba, alisema jeshi linaloimba vizuri linaogopwa. Mwalimu akawafundisha nyimbo za asubuhi, kila mtu sauti yake, akimwimbia mmoja mmoja mpaka ishike. Kambini kulikuwa pia na watoto waliobebeshwa maji na risasi. Hao aliwapa sauti za juu. Siku moja alimwambia mkubwa kwamba sauti ndogo zinamezwa na kubwa, amruhusu azipeleke mtoni zijifunze zenyewe. Wakaruhusiwa. Walinzi walikaa kivulini, walikuwa wanausikia wimbo na kujua watoto wapo. Mwalimu na watoto wakatembea wakiimba, wakazidi kutembea, mpaka wimbo haukufika tena kwa walinzi, na walinzi wakadhani wamepumzika.

"Wale walinzi waliuawa," akasema. "Walikuwa na ndugu pale pale kambini. Na hakuna mmoja kati yao asiyejua sauti yangu. Niliitia masikioni mwao mimi mwenyewe."

Mama alianza kumsomea dua. Mimi nilikuwa na hasira, na nilikuwa na hasira na Furaha, msichana wa watu ambaye hakufanya lolote ila kupenda. Nilisema wimbo uondolewe leo leo. Mwalimu akakataa. Alisema umeshaenea kwenye magurupu, na ukiondolewa ghafla kila mtu atauliza umeondolewa kwa nini.

Keshoye alikuja yule mtu dukani. Alikuwa nadhifu, shati limepigwa pasi, umri kama thelathini na kitu, mpole wa kusema. Aliomba uzi mweusi. Nilipokuwa nautafuta akasema, "Mama, miye nasikiaka kipindi chako. Ule wimbo wa Beseni, ule wa kwenye magurupu. Ule muzee anaimba, iko nani?"

"Sijui," nikasema. "Waulize wenye bendi."

"Niliwauliza. Walikuwa na woga kidogo." Akatabasamu. "Miye ni mpenzi wa muziki tu, mama."

Pengine alikuwa mpenzi wa muziki tu. Kampala imejaa wapenzi wa muziki. Lakini alitia ule uzi mfukoni bila hata kuutazama, na akaangalia pazia la nyuma kwa muda mrefu kuliko pazia linavyostahili. Nyuma ya pazia Mwalimu alikuwa amesimama. Mgeni alipokwenda zake Mwalimu akatoka, na uso wake ulikuwa umelegea kabisa, kana kwamba ametua mzigo.

"Jirani," akaniambia, "wewe ni mtu wa redio. Niue."

Nilidhani ni mzaha wake. Haukuwa mzaha. Jumamosi asubuhi yeye alikuwa ameshaondoka na begi dogo kwenda Luzira, kwa mjane mmoja wa kanisa lingine mwenye chumba karibu na Port Bell. Mimi nilikaa mbele ya maikrofoni nikasema albamu ya Chumba cha Nyuma ndiyo nzuri kuliko zote nilizosikia mwaka huu, nikasema nilichokiona katika kila wimbo, ngazi, gari, sufuria. Nilipofika wa mwisho nikasema sauti ile ni ya mwalimu wa kwaya, marehemu sasa, alisafiri kwenda upande wa magharibi akaugua njiani, akazikwa huko huko, na vijana wamemwekea kumbukumbu. Nilisema Mungu amrehemu. Kisha nikaupiga mpaka mwisho, na fundi wa mitambo upande wa pili wa kioo alikuwa analia.

Sijuti. Naulizwa mara nyingi na dhamiri yangu na ninaijibu hivyo hivyo.

Kilichoniumiza ni kwaya. Siri tuliijua sisi watatu tu, mimi, mama na Furaha. Mwalimu ndiye aliyetaka hivyo, alisema kilio cha kufundishwa kinajulikana. Kwa hiyo walilia kweli. Walijaa ghalani siku kadhaa, wakawasha mishumaa, wakaimba nyimbo zake zote isipokuwa ule, na hakuna aliyesimama mbele yao, waliacha nafasi yake wazi na kuitazama. Yule mama wa sauti ya pili alinikumbatia, akaniuliza kama Mwalimu alipata mtu wa kumfumba macho. Nilimwambia ndiyo. Furaha alikaa kwenye kona kichwa kati ya magoti. Uzinduzi wa Ntinda ulijaa mpaka nje barabarani, watu walisema albamu imebarikiwa na huzuni, na yeye aliporudi nyumbani alitapika.

Luzira nilikwenda mara moja moja. Nilimpelekea pilau ya mama, na habari. Marehemu wangu alikuwa amekonda. Koti alikuwa amemwachia mwenye mahitaji, amenyoa ndevu, anavaa fulana ya buluu yenye tangazo la rangi za nyumba. Jumapili moja nilimfuata mpaka kanisani kwa yule mjane, nikasimama nje pale mlangoni. Alikuwa benchi la mwisho. Watu wote wanaimba, na mdomo wake unafunguka na kufumba sawasawa na maneno, bila sauti yoyote kutoka. Nimeona mambo mengi maishani, nimemfumba baba yangu macho kwa mikono hii, lakini lile nililishindwa. Nilirudi kwenye barabara nikalia mbele ya watu.

Hata chumbani alikuwa ananong'ona. Kuta za Luzira ni nyembamba, alisema, na sauti yake haijui kukaa ndani. Alinong'ona akiniuliza watu wanasemaje juu ya albamu. Nilimwambia wanaipenda, inapigwa mpaka kwenye saluni. Alinong'ona akiwakosoa vijana ngoma za wimbo wa pili, kama nilivyozikosoa mimi. Alitaka kujua kama Furaha anakula. Nilianza kuamini kwamba tumeshinda, kwamba miezi ingepita, watu wangechoka na wimbo kama wanavyochoka na nyimbo zote, na marehemu angeweza siku moja kufufuka mahali pengine, Mbarara au hata Arusha, akafundisha watoto wa shule.

Halafu yule mtu akarudi dukani. Ilikuwa mchana, nimetoka kukata kitambaa cha mteja. Safari hii alivaa nguo nyeusi na alibeba kilo mbili za sukari, kama anayekuja msibani.

"Nimekuja kutoa pole, mama. Nilisikia kwa redio. Nilichelewa."

Nikapokea, ningefanyaje? Akasema angependa kumpa marehemu heshima yake, na pale pale mbele ya majora yangu akaimba. Aliimba kwa chini, ametulia, mikono amefumbata. Ilikuwa sauti nzuri. Alipomaliza akafuta macho, na machozi yalikuwepo kweli, niliyaona.

"Kaburi yake iko wapi, mama? Nataka kwenda kuomba pale."

Nilisema magharibi. Akauliza magharibi wapi. Nilitaja mji uliokuja kwanza mdomoni, akaurudia polepole, akanishukuru, akatoka.

Mwalimu alinisikiliza akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, pilau iko magotini hajaigusa. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Hakushtuka kwa habari ya kaburi. Alininong'oneza akiniuliza jambo lingine.

"Aliimba nini?"

"Ule ule wa mwisho. Lakini si kama unavyouimba wewe. Maneno ni yale yale, wimbo wenyewe unakwenda kwingine, chini chini. Ulinikaa kichwani hata hivyo."

"Niimbie."

Mimi si mwimbaji. Nilijaribu, nikakosea, nikajaribu tena. Mwalimu akafunga macho. Nilipofika katikati aliinua mkono, nikanyamaza.

"Hiyo ni sauti ya nne," akasema. "Besi. Kwenye albamu haipo, vijana hawakuijua, sikuwaimbia. Watoto niliotoka nao wote walikuwa sauti za juu. Ya nne niliwapa wanaume wa kambini."

Nikakaa chini sakafuni. Nje jua lilikuwa kali, mtu alikuwa anauza mkate kwa baiskeli, anapiga kengele.

"Na alipoondoka," Mwalimu akauliza, bado ananong'ona, "ulifanya nini, jirani?"

"Nilifunga duka hapo hapo. Nikachukua pikipiki ya kwanza niliyoiona nikaja kukuambia. Sikugeuka nyuma hata mara moja."

Alinitazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, wala lawama, na hilo ndilo lililonivunja. Akaiweka sahani ya pilau chini kwa uangalifu, akasimama, akanyoosha ile fulana ya rangi za nyumba.

"Basi," akasema kwa sauti yake yote, ile ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipomuua, na kuta zikaitika, "hakuna haja ya kunong'ona tena."